Mzee ana maji kwenye utando wa mapafu, ultrasaundi inatosha au twende siti skani?

Mjukuu wa Tukuyu: Wakuu naombeni msaada. Mzee wangu anakohoa muda mrefu, akivuta pumzi ubavu unamchoma, kulala chali hawezi. Tumepiga eksirei, upande wa kulia chini kote kweupe, dokta kasema maji yamejaa kati ya pafu na ukuta wa kifua, kaandika ultrasaundi. Sasa bro anagoma, eti ultrasaundi ni ya wajawazito, tuchange hela twende siti skani tujue moja. Mnasemaje?

Chumba cha Giza: Mkuu mi niko radiolojia, mwambie bro atulie. Kwenye maji ultrasaundi ndo yenyewe. Eksirei ya kusimama mpaka maji yafike kama mililita 200 ndo ile kona ya chini inazibika, na mgonjwa akipigwa amelala ndo kabisa, maji yanasambaa nyuma unaona ukungu tu. Ultrasaundi inanasa hata mililita 20 hivi, halafu inakuonyesha kama maji kwenye picha ni meusi tii, yaani maji matupu, au yana nyuzinyuzi yamegawanyika vyumba vyumba, hizo nyuzi siti skani mara nyingi haizioni. Na dokta anajua pa kuchoma sindano ya kutolea maji asije akatoboa pafu au ini.

Mama Zu: Sawa ila siti skani msiidharau jamani. Maji yakitolewa yakarudi, au utando ukiwa mnene kupita sentimita 1, una vinundu au umelizunguka pafu lote, hapo wanawaza kansa na siti ya kuchomwa dawa ya kung'arisha picha mshipani lazima. Mzee alishawahi kufanya kazi za asbesto, yale madini ya mapaa ya zamani yanayohusishwa na kansa ya utando? Mwambieni dokta.

kaka_mkubwa255: Huku kwetu cha kwanza kushukiwa ni TB. Picha haiwezi kukwambia hii ni TB, maji yenyewe yaende maabara, ikibidi na kinyama cha utando. Na makohozi yakitoka safi msishangilie, TB ya utando inaweza kuwepo na makohozi yasionyeshe kitu.

Mjukuu wa Tukuyu: Shukrani sana. Bro kalainika, sasa anauliza mzee atalazwa chali maana hawezi.

Chumba cha Giza: Hapana, anakaa, anaegemeza mikono mezani juu ya mto, anapakwa jeli mgongoni, ina baridi kweli muandaeni. Avae shati la vifungo, na ile eksirei mje nayo, watu wengi wanaiacha nyumbani.