Tambi, sadini na maharagwe kwa shilingi 12,000: nianzie wapi?

Kijana wa Banda:
Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari za jioni. Naishi Banda, hapa Kampala, huku upande wa Kyambogo, chumba kimoja na wadogo zangu wawili. Nina sigiri moja, sufuria mbili, na moja kati ya hizo haina mfuniko. Tumekula posho, yaani ugali, na maharagwe mpaka mdogo wa mwisho akisikia mwiko tu ananuna. Nataka nibadilishe: tambi, samaki wa kopo, na maharagwe humo humo ndani. Narudi saa mbili usiku, kwa hiyo sina saa mbili za kukaa na makaa. Bajeti ni 12,000 kwa watu watatu, na nikibakiza ya nauli nitashukuru.

Nauliza: samaki anakaangwa kwanza au anaingia lini? Na maharagwe ya kopo nimeyaona supamaketi, bei yake inakaribia kumaliza pesa yote. Kuna njia nyingine?

Mama Hawa, Bombo:
Marahaba mwanangu. Kopo la maharagwe la nini na wewe uko Banda? Teremka kwa yule kijana wa chapati. Kila anayeuza kikomando, ile chapati ya kukatwa na maharagwe, ana sufuria ya maharagwe yaliyoiva, na usiku ndiyo yamekolea kabisa. Nenda na bakuli lako la mfuniko, mwambie akupe ya 1,500 na mchuzi asikunyime. Asikuwekee kwenye kavera, mchuzi wa moto na plastiki mimi sivitaki pamoja. Ukifika nyumbani onja kabla hujagusa chumvi, maana hao vijana mkono wao mzito.

Dereva wa Katuna:
Mdogo wangu, hapo umegusa chakula chetu cha barabarani. Mimi naendesha lori, napakia Mombasa nashusha Kigali, napita Malaba na Katuna. Foleni ya mpakani ndiyo iliyonifundisha kupika. Jiko ni mtungi mdogo wa gesi kando ya tairi, sufuria ni moja, na maji ni yale niliyobeba. Kwa hiyo sikuambii habari ya kuchemsha tambi huku, mchuzi kule, halafu maji yamwagwe. Vyote sufuria moja, ile yenye mfuniko.

Nunua sadini ya mafuta, si ya maji. Mafuta ya kopo usiyamwage, ndiyo ya kukaangia. Kaanga kitunguu mpaka kianze kubadilika rangi, tia kitunguu saumu kama unacho, kisha nyanya tatu. Hapa usiwe na haraka. Nyanya ziachie zivunjike zenyewe mpaka uone mafuta yanajitenga pembeni. Ukizitilia maji mapema utakula uchachu. Halafu maharagwe na mchuzi wake. Ponda vijiko viwili vitatu kwenye ubavu wa sufuria, ndiyo yatakayofanya mchuzi uwe mzito.

Ongeza maji ya moto, yafunike tu tambi, yasiogelee. Vunja tambi mara mbili, zitie, na dakika mbili za mwanzo usiache kukoroga kwa sababu ndipo zinapogandana. Baada ya hapo funika, uwe unachungulia. Ule wanga unaotoka kwenye tambi unabaki humo humo, unashika nyanya na maharagwe pamoja. Wanaomwaga maji wanamwaga mchuzi.

Samaki anaingia mwisho, sufuria ikiwa imeshatolewa kwenye sigiri. Huyo ameshapikwa kiwandani ndani ya kopo likiwa limefungwa, hana haja ya moto wako. Ukimchemsha tena atasagika, chumba kizima kitanuka, na jirani atajua umekula nini. Mpange juu vipande vizima, funika dakika tatu, pakua. Mifupa yake ni laini, waachie watoto waitafune, ina kalisi.

Chumvi hakuna. Kopo lina chumvi, maharagwe ya chapati yana chumvi, na ukitia kile kidonge cha mchuzi ndiyo umeharibu kabisa. Tambi pima gramu 100 kwa mtu, yaani kwenye pakiti ya nusu kilo inabaki ya kesho. Kwa bei ninazolipa mimi nikipita Kampala: tambi 3,500, sadini 4,500, maharagwe 1,500, nyanya 1,000, kitunguu 500. Nauli yako hiyo hapo.

Jambo moja dukani: kopo lililovimba acha, hata muuzaji akikupunguzia. Na samaki akibaki mhamishie kwenye chombo kingine, asilale ndani ya kopo wazi.

Asha wa Kisenyi:
Dereva umesema vizuri yote isipokuwa kuvunja tambi. Kwetu Wasomali ukivunja baasto mbele ya bibi yangu utaondolewa jikoni. Ziegemeze kwenye sufuria, zikilainika chini zinazama zenyewe.

Kijana, ukishapakua kamulia ndimu, halafu weka ndizi bogoya moja mbivu pembeni ya sahani. Usicheke. Tambi tuliletewa na Waitaliano, ndizi tukaiweka sisi wenyewe. Ule utamu unakata chumvi ya samaki na pilipili. Hao Waitaliano nao wana tambi zao za maharagwe tangu zamani, na Sicilia wanapika tambi kwa sadini, kwa hiyo asikwambie mtu unachanganya vitu ovyo.

Mwalimu, Kabale:
Mwenzenu niko kijijini nje ya mji, hapa hakuna chapati wala kikomando jua likizama. Nina maharagwe makavu tu, yale mekundu. Tena nina swali: pakiti ya tambi inasema dakika 8, mbona zangu kwa dakika 8 bado zina kiini kigumu? Nimeshabadilisha aina na hali ni ile ile.

Dereva wa Katuna:
Mwalimu, pakiti haina kosa, kosa ni mlima. Mombasa pakiti ile ile inaiva kwa dakika zake. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, maji yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Kwenu mnakaribia mita 2,000, maji yanatokota kwenye nyuzi 93 tu. Yanatokota kwa kelele lakini hayana ukali. Ongeza dakika tatu au nne, funika vizuri, na usijali saa, tafuna moja uone.

Maharagwe makavu kwenye baridi hiyo ndiyo yanayomaliza kuni. Mimi nafanya hivi: naloweka usiku, asubuhi namwaga maji ya kulowekea, nachemsha kwa maji mapya yatokote kwa nguvu robo saa. Kisha nayamimina yangali yanatokota kwenye chupa ya chai yenye mdomo mpana, nafunga. Jioni yameiva, sijatumia gesi zaidi. Ila ule mchemko wa nguvu usiuruke hata siku moja. Maharagwe mekundu mabichi yana sumu inayovunjwa na mchemko mkali wa dakika 10 au zaidi. Joto la uvuguvugu haliigusi, na tumbo litakulaza kando ya barabara. Kwa baridi ya kwenu suuza chupa kwa maji ya moto kwanza, na kama jioni hayajalainika yarudishe motoni yamalizie.

Kijana wa Banda:
Asanteni sana. Mama Hawa, je, wiki ambayo sina hata ya sadini, mukene itafaa?

Mama Hawa, Bombo:
Inafaa, na kwa mfuko wako ni bora zaidi, ila si ya saa mbili usiku. Dagaa hao wakianikwa chini wanakuja na mchanga. Uwachambue vichwa, uwaoshe kwa maji ya moto mara mbili tatu, uwakaushe, ndipo uwakaange mpaka walie wakiguswa na kijiko. Fanya Jumapili mchana, weka kwenye kopo kavu lenye mfuniko. Siku za kazi unanyunyiza gao moja juu ya tambi zako. Na hao usiwafunike ndani ya sufuria kama sadini, watalowa.

Asha wa Kisenyi:
Dereva, hiyo chupa ikishanuka maharagwe, chai unanywea wapi?

Dereva wa Katuna:
Ninazo mbili, dada. Ya chai ina utepe mwekundu, na tanboi wangu anajua kabisa.