Tupeane uzoefu: mbwa, wanyama wa porini na mabaki ya kale mashambani

Mleta mada

Ndugu zangu, sisi tunaoishi shambani na mbwa, naomba tukusanye hapa visa vya vitu vya kale tulivyoonyeshwa na wanyama, wawe wa kufugwa au wa porini. Naanza na changu.

Asubuhi moja baada ya mvua, mbwa wangu jike alisimama kwenye kifusi cha fuko, akanusa kwa muda mrefu, kisha akaanza kuparua. Nilipomvuta pembeni, niliona kigae cha chungu kikiwa juu ya udongo laini, ukubwa wake kama kiganja cha mtoto. Upande wa ndani ulikuwa na masizi. Upande wa nje ulikuwa na mistari iliyoachwa na kamba iliyosokotwa, ambayo mfinyanzi aliikandamiza wakati udongo ungali mbichi. Nilikifuta kwa shati, nikakitia mfukoni, nikaenda nyumbani kwa furaha.

Hapo ndipo nilipokosea. Mwanaakiolojia niliyemwonyesha baadaye hakuniuliza chochote kuhusu uzuri wake. Aliuliza kilikuwa wapi hasa, karibu na nini, na kama palikuwa na mkaa au mifupa. Sikuweza kujibu, kwa kuwa mvua zilizofuata zilikuwa zimesambaza vifusi vyote. Alinieleza kwamba ni kweli fuko huvuruga matabaka ya udongo, kwa hiyo kifusi hakiwezi kutuambia kitu kilitoka kina gani, lakini mahali kilipo kifusi bado ni ushahidi wa kilichozikwa chini yake. Kaskazini mwa Uingereza, kwenye ngome ya Kirumi iitwayo Epiacum, ambako uchimbaji holela umepigwa marufuku kisheria, watu wa kujitolea wamechekecha udongo wa vifusi vya fuko chini ya usimamizi wa wataalamu, wakapata vigae, misumari na shanga bila kuchimba hata shimo moja. Kwa hiyo siku hizi napiga picha nikiwa nimeweka rula kando ya kitu, naandika mahali kilipo, kisha nakiacha hapo hapo na kutoa taarifa.

Mchangiaji wa kwanza

Mleta mada, asante. Mimi nilikuta mifupa mingi mbele ya shimo, na mbwa wangu akibweka kwa ukali. Niliamini kabisa kwamba nimepata mahali ambapo watu wa kale walikuwa wakichinja wanyama wao. Mifupa ilikuwa na mifereji mipana, imepangana sambamba kama iliyochongwa kwa patasi. Mtaalamu aliichungulia mara moja tu akasema ni alama za meno ya nungunungu, kwani mnyama huyu hubeba mifupa mikavu hadi shimoni mwake na kuitafuna ili kupunguza meno yake yasiyoacha kukua na kupata madini. Alama ya kisu cha jiwe ni nyembamba, na aghalabu huonekana pale nyama inaposhikamana na mfupa, hasa kwenye viungo.

Nilijifunza kwa gharama ya mbwa, kwa sababu aliingiza kichwa shimoni akatoka na miiba puani na mdomoni, na daktari wa mifugo alilazimika kumlaza kwa dawa ndipo aing'oe. Nawasihi wenzangu: penye mashimo, mbwa afungwe kamba, kwa usalama wake na wa mnyama aliyemo. Na mfupa ukifanana na wa binadamu, usiuguse. Toa taarifa kwa vyombo vya dola siku hiyo hiyo.

Mchangiaji wa pili

Msiwasahau minyoo wa ardhini. Mwaka 1881 Charles Darwin alichapisha kitabu kizima juu yao, akionyesha jinsi udongo wanaoupandisha juu unavyofukia mawe na sakafu za kale polepole. Tangu nilipojua hivyo, kila jiwe lililozama nusu malishoni hunifanya nisimame.

Mchangiaji wa tatu

Kisa changu kinahusu kifo. Mbwa wangu alikuwa ameishi nami miaka 13. Nilipokuwa nikimchimbia kaburi chini ya mti aliopenda kulala, jembe liligonga udongo uliokuwa mwekundu na mgumu kama tofali, na juu yake kulikuwa na majivu na vipande vya mawe vyenye makali. Niliweka jembe chini. Ilikuwa vigumu, maana mwili wake ulikuwa pale kando umefunikwa blanketi, na nilitaka sana apumzike mahali pake.

Nilikumbuka kaburi la Bonn-Oberkassel nchini Ujerumani, lililofichuliwa na wafanyakazi wa machimbo ya mawe mwaka 1914. Humo alizikwa mwanamume, mwanamke na mbwa, takriban miaka 14,000 iliyopita. Meno ya mbwa huyo mchanga yanaonyesha kwamba aliugua sana kwa wiki kadhaa, na watafiti wanaamini asingeweza kuendelea kuishi muda huo bila watu kumuuguza, ingawa katika hali hiyo hakuwa na faida yoyote kwao kazini.

Nilirudisha udongo taratibu, nikafunika mahali pale kwa turubai, nikamzika hatua 20 upande wa pili wa mti. Wataalamu wa mambo ya kale walipofika, walithibitisha kwamba lilikuwa ni meko.