Naomba ushauri: Studebaker ya 1964 au ya 1966?

Wakuu, habari za leo. Naishi Ontario, Kanada, na nimepata Studebaker mbili zinazouzwa (magari ya zamani ya kampuni ya Kimarekani). Nimekwama.

Moja ni modeli ya Daytona ya 1964 yenye V8 (injini ya silinda nane) ya Studebaker wenyewe. Nyingine ni Cruiser ya 1966, mwaka wa mwisho kabisa. Mnajua kiwanda cha South Bend, Indiana, kilifunga uzalishaji wa magari Desemba 1963, yakabaki kuundwa hapa Hamilton hadi Machi 1966. Injini zilikuwa zikitoka South Bend, kwa hiyo za 1965 na 1966 zilifungwa injini za General Motors ya Kanada. Cruiser hii ina V8 ya inchi za ujazo 283, jamii ya Chevrolet, ambayo vipuri vyake havisumbui.

Moyo wangu uko kwa Daytona, maana hata chini ya boneti ni Studebaker halisi. Tatizo kutu: nilipoinua zulia upande wa dereva, bisibisi ilizama kwenye sakafu. Cruiser sakafu yake ni nzima, ila rangi imefura juu ya madigadi ya mbele, na sijui kutu imeingia kiasi gani kwa ndani.

Mliowahi kuchomelea sakafu ya gari la namna hii, kazi ni kubwa kiasi gani? Na je, gasketi na pampu ya maji ya ile V8 ya zamani mnazipata kirahisi? Nataka gari la kuendesha kila kiangazi, si la kufunikwa turubai. Muuzaji wa Daytona anataka jibu wiki hii.