Yadi imejaa, mita yasoma: ditensheni ya makontena matupu Mombasa ni wizi wa mchana kweupe

Wakubwa wa kliaringi, wenye trela na waagizaji, hili tuliseme wazi. Ofisi ya meli inakuandikia kontena tupu lirudishwe yadi fulani pale Changamwe. Trela inafika, mlinzi anasema yadi imejaa, njoo kesho. Kesho wimbo ni ule ule. Baadaye invoisi inaingia: ditensheni, yaani tozo ya kukaa na kontena la meli, ya siku zote hizo, kwa dola, na ukilipa kwa shilingi wanakupigia kwa bei yao ya dola, si ya benki. Yaani wamekataa kupokea mali yao wenyewe, halafu wanakutoza kwa kukaa nayo!

Ukiuliza, jibu ni "Bahari Nyekundu". Haya, tuizungumze hiyo Bahari Nyekundu. Tangu mwisho wa 2023 meli nyingi, kwa kukwepa mashambulizi huko, zilianza kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema, na mzigo wa Ulaya unaokuja huku ukachelewa kweli. Lakini mzigo wa Shanghai (Uchina) au Mundra (India) kuja Kilindini, bandari yetu ya Mombasa, haupiti Suez wala Bab el-Mandeb, milango miwili ya bahari hiyo, unavuka Bahari ya Hindi basi. Athari inayoufikia si ya moja kwa moja: meli zinakuwa haba, bandari za kuhamishia mzigo kama Colombo zinabanana, na meli zilizopangwa kuja moja kila wiki zinatokea mbili tatu kwa mpigo. Hilo twalielewa. Kinachoudhi ni kwamba wao wakichelewa ni dharura ya dunia nzima, wewe ukichelewa unahesabiwa siku.

Na yadi hazijai kwa uchawi. Makontena yanayoingia Mombasa na mzigo ni mengi kuliko yanayotoka na mzigo. Chai, kahawa, parachichi na magadi havitoshi kuyajaza, kwa hiyo matupu lazima yapakiwe yarudi Asia. Meli ikishachelewa ratiba, cha kwanza kuachwa ni matupu: inashusha, inapakia mzigo wa kulipiwa, inang'oa nanga. Mara nyingine inairuka Mombasa kabisa. Uamuzi ni wa mwenye meli, bili ni ya mwagizaji aliyeleta vigae vyake tu. Na kichekesho ni kwamba yadi hiyo hiyo imefurika, huku msafirishaji wa chai akiambiwa hakuna kontena kavu, lisilo na tundu wala harufu.

Kuna wanaolipa bila hata kujua wanalipia nini. Storeji ni ya nafasi, bandarini au kwenye CFS (yadi ya nje ya bandari unakochukulia mzigo). Dimareji ni ya kontena la meli likiwa bado ndani ya bandari na mzigo. Ditensheni ni ya kontena lililotoka getini mpaka tupu lipokelewe. Ofisi nyingine huzichanganya hizi mbili za mwisho katika hesabu moja inayoanza siku ya kushusha, kwa hiyo siku za bure, zile za kabla tozo haijaanza, zinaliwa na ukaguzi wa forodha na foleni ya skana kabla hujagusa mzigo. Tozo ikiwa dola 30 kwa siku, makontena 5 yakikwama siku 6 ni dola 900, na mwenye trela naye anadai kusimamishwa kwake.

Kwa hivyo usitume trela kwa simu tu. Kabla tupu halijatoka Nairobi, taka barua pepe inayotaja yadi na tarehe ya kupokelewa. Uliza pia kama watalipokea huko huko Nairobi. Wengine hukubali kwa ada, na mara nyingi ni nafuu kuliko kuliteremsha hadi pwani. Likikataliwa, dereva asiondoke mikono mitupu: muhuri au sahihi ya getini yenye saa, na picha moja inayoonyesha namba ya kontena (herufi 4, tarakimu 7) pamoja na geti. Barua ya kutaka hesabu isimamishwe iende saa hiyo hiyo. Ukingoja invoisi, umeshachelewa.

Mtego wa pili ni interchenji, karatasi inayoandika hali ya kontena linapotoka na linaporudi. Wakati wa kulichukua bandarini, mtu aingie ndani, milango ifungwe, atazame kama mwanga unapenya. Tundu, sakafu iliyopasuka, mpira wa mlango uliochanika, vyote viandikwe kwenye karatasi kabla ya kutoka. Kisichoandikwa hapo ni chako, kitakatwa kwenye dipoziti uliyoweka kwa ofisi ya meli. Na ukirudisha, ng'oa misumari, toa mbao za kukazia mzigo, bandua stika, fagia. Vumbi la simenti tu latosha wakakupiga bili ya kuosha.

Tunachodai ni kidogo: yadi ikikataa kontena, siku hiyo isihesabiwe, na iandikwe kwenye masharti, isiwe hisani ya karani. Aliyewahi kufutiwa ditensheni kwa ushahidi wa getini aweke hapa maneno ya barua yake, jina la kampuni alifiche.