Jibu: Nyumba ya wazazi Majengo, tuinue ghorofa?

Wa aleikum salaam, dada yangu. Umeuliza kama muinue ghorofa kwenye nyumba ya wazazi wenu Majengo, Mombasa. Nimerudi Leicester, Uingereza, juzi baada ya siku arobaini huko nyumbani, basi nakwambia niliyoyaona.

Mtaa tuliouacha 1988 ulikuwa wa udongo na makuti, vyumba vitatu huku na vitatu kule, ukumbi katikati, ua nyuma. Sasa makuti yamekuwa mabati, na kati ya mabati zimechomoza ghorofa za orofa nne, tano. Muuza kahawa bado apita akigonga vikombe, alhamdulillahi, ila wateja wake ni madereva wa tuktuk na wanalipa kwa M-Pesa.

Kilichoniuma ni baraza ya nyumba yetu sisi. Utotoni tulikaa miguu ikining'inia. Barabara imemwagwa kifusi, ikatiwa lami, ikarudiwa tena, na leo ukikaa pale magoti yakaribia kidevu. Kizingiti kiko chini ya barabara kwa shibiri nzima. Masika maji yaingia mpaka ukumbini. Kitanda cha mama tumekiinua kwa matofali. Kwa hiyo hata kabla ya ghorofa, fikiria sakafu na mtaro.

Halafu ardhi, dada. Wengi wetu Mombasa tuna nyumba bila ardhi: kuta na paa ni zetu, kiwanja ni cha mwingine, twamlipa kodi. Wazee hawakujenga kwa makuti kwa umaskini tu. Mwenye ardhi hakutaka jengo la kudumu. Sisi kwetu tulituma pesa za nguzo za ghorofa bila kumuuliza. Mwenyewe akaja akasimamisha kazi, na nondo zinaota kutu mwaka wa tatu huu.

Tafuta risiti za kodi, wakili apekue rekodi ofisi ya ardhi, kisha mkae na mwenyewe muandikiane. Simenti baadaye.

---

Shukran sana, kaka. Risiti ziko kwenye kasha la mama, zimeishia 2009. Tangu hapo hakuna aliyekuja kudai. Si ndiyo nafuu?

---

La, dada, usiifurahie. Huenda mzee mwenye ardhi alifariki na warithi bado hawajagawana, au kiwanja kishauzwa. Mtume mdogo wako kwa mzee wa mtaa aulize warithi ni nani. Na hizo risiti zipigwe picha leo hii, karatasi moja moja, mbele na nyuma, kabla mchwa hawajazifikia.