MJADALA: Kiwanja kimoja Mbeya, tujenge kasino au karakana?

Wakuu, salaam. Baridi la Uyole limenifungia ndani, basi nilete hapa hoja iliyotugombanisha kijiweni juzi. Chukulia halmashauri ina kiwanja kimoja kizuri kwenye barabara ya Tunduma. Mmoja anataka kasino, mwingine anataka karakana ya kufundishia vijana. Nani apewe?

Wenzangu wa kasino wana hoja tatu: ajira, wasafiri wa Zambia, kodi. Mfano wao ni Atlantic City, Marekani. Haya, tuuchukue huo mfano mzimamzima. Wapiga kura wa New Jersey waliruhusu kasino mwaka 1976, ya kwanza ikafunguliwa 1978, na asilimia 8 ya mapato ya michezo ikatengwa kusaidia wazee na watu wenye ulemavu. Wateja walikuwa wanamiminika kutoka New York na Philadelphia. Majirani walipofungua za kwao, wateja wakapungua, na mwaka 2014 peke yake kasino 4 kati ya 12 zikafungwa. Na hao walikuwa wanakula hela ya wageni!

Sisi tutakula ya nani? Pita Mwanjelwa jioni. Dubwi, ile mashine ya kamari ya sarafu, limewekwa dukani katikati ya viroba vya unga na ndoo za mafuta ya kula. Kijana wa bodaboda anaegesha, anaomba chenji ya mia mbili mia mbili, anazitumbukiza akiwa amesimama, hata helmeti hajavua. Dakika kumi hesabu ya bosi imekwenda. Najua kasino ina kapeti na walinzi, lakini kama mteja mkuu ni mtu wa Mbeya huyuhuyu, hela imehama mfuko tu. Kodi yake nayo inakusanywa na TRA, mamlaka ya mapato ya taifa, siyo halmashauri. Kwa hiyo mimi kura yangu ni karakana.

Ila na sisi wa karakana tuna yetu. Kuna binti jirani yangu kamaliza ushonaji, cheti kipo ukutani kwenye fremu, cherehani hana. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, basi anayemaliza fani aunganishwe na mkopo huo kabla hajasahau alichofundishwa.

Na fani tuchague kwa macho. Nenda Mafinga, Iringa, uangalie dingdong, ile mashine ndogo ya kupasulia mbao, inavyopasua magogo ya misonobari: nusu mbao, nusu maranda. Mbao zinapakiwa kwenye lori zikiwa bado mbichi, zikifika Dar zimepinda. Pale anahitajika mtu anayejua kunoa na kunyoosha msumeno, kupanga mbao kwa vijiti hewa ipite, na kupima unyevu. Huyo ndiye wa kumfundisha, na cha kuigia tunacho: kituo cha mafunzo ya misitu na viwanda vya mbao Mafinga kipo tayari.

NYONGEZA: Mkuu uliyeniuliza "karakana inaleta hela gani ya nje?", jibu ni mbao. Mteja wa Dar akilipa zaidi kwa ubao mkavu ulionyooka, tofauti hiyo inarudi Mufindi, wilaya ilipo Mafinga.

Walioko Mafinga mtusaidie: fundi wa kunoa msumeno analipwa shilingi ngapi kwa siku, na yeye alijifunzia wapi?