Kumhamisha mtoto mwenye selimundu kutoka baridi ya Makete: Chimala, Kyela, Dodoma au Tanga?

Mama wa Matamba

Wakubwa shikamooni, wengine habari za kazi. Naomba mawazo ya watu waliokaa kwenye maeneo haya wenyewe.

Tunaishi Matamba, wilaya ya Makete. Tunalima viazi mviringo na pareto, na mume wangu ana kipande cha miti. Mtoto wetu wa pili ana miaka saba, ana selimundu (sikoseli), ugonjwa wa damu wa kurithi, aligundulika hospitali ya Ikonda akiwa bado mdogo. Juni mpaka Agosti nyumba hii hailali. Alfajiri unakuta sakitu imetanda nyeupe juu ya majani ya viazi, maji ya ndoo yanauma vidole, na mtoto anaanza kulia miguu na mgongo kabla hajatoka kitandani. Tunamvisha sweta mbili, soksi na kofia, dawa anakunywa kama alivyoandikiwa. Miezi ya joto anakimbizana na wenzake vizuri tu. Kipupwe kikiingia, ni hospitali na kurudi.

Daktari ametushauri tufikirie kumshusha sehemu yenye joto. Tumebaki na sehemu nne. Chimala, hapo chini tu, wifi yangu yupo. Kyela kwa mjomba. Dodoma, mdogo wangu amepata kazi huko. Na Tanga, maana baba mkwe alifanya kazi kwenye mkonge zamani, ana kiwanja Muheza. Nataka kujua hali ya hewa, malaria, hospitali, na zaidi ya yote tutakula nini. Sisi ni wa jembe, mshahara hatuna.

Msangu wa Rujewa

Kamwene dada, na pole sana kwa mtoto.

Mimi nimezaliwa Usangu, nalima mpunga. Joto unalolitafuta liko chini ya miguu yako. Hapo Matamba mpo kwenye mita 2,000 hivi, Chimala iko kama mita 1,100. Kila ukishuka mita 1,000, joto huongezeka kwa kadiri ya nyuzi 6. Yaani ukimaliza zile kona hamsini na saba za barabara ya Matamba kushuka Chimala umeshabadilisha nchi, sweta unalifunga kiunoni. Hata Julai, usiku wa huku shuka moja na blanketi jepesi vinatosha.

Riziki ipo. Mpunga, vitunguu, biashara ya mchele Igurusi na Ubaruku, na Chimala yenyewe iko barabara kuu ya Dar es Salaam kwenda Zambia, mama akiuza chakula pale hakosi mteja. Ila ukitaka kununua shamba huku kwenye wilaya yetu ya Mbarali, uwe na macho. Mwaka 2008 mpaka wa Hifadhi ya Ruaha ulipanuliwa ukaingia Usangu, na vijiji kadhaa vikajikuta ndani. Mgogoro ule umeumiza watu. Ardhi ya bei ya chee upande wa bonde la Ihefu usiiguse mpaka umepita ofisi ya kijiji na ya wilaya. Kwa kuanzia, kodi tu.

Nesi wa Kanda

Dada, naomba usome hili kabla ya kufunga mizigo, na Msangu naomba usinielewe vibaya.

Baridi inabana mishipa midogo ya damu, chembe zenye umbo la mundu zinakwama, ndiyo hayo maumivu. Na huko juu kabisa hewa ni nyepesi, oksijeni ni kidogo, jambo ambalo nalo si zuri kwake. Kumshusha ni wazo sahihi. Lakini mtoto wa selimundu akipata malaria ni hatari zaidi kuliko kwa mtoto asiye na ugonjwa huo. Watu wengi wanachanganya hapa. Anayekingwa na malaria kali ni yule aliyerithi kasoro kwa mzazi mmoja tu, ambaye hana ugonjwa. Aliyerithi kwa wazazi wote wawili, kama mwanao, hana kinga hiyo. Damu yake ni pungufu tayari, malaria ikiingia inashuka ghafla, na bandama lake kwa umri huo mara nyingi halifanyi kazi sawasawa.

Mtoto amekulia Makete ambako mbu ni wa shida. Ukimpeleka katikati ya majaruba ya mpunga bila maandalizi, umemtoa kwenye shida moja umemtia kwenye nyingine. Simaanishi usishuke. Kabla ya kushuka, rudi kliniki uulize mambo matatu: dawa ya kinga ya malaria kwa mtoto wa aina yake, haidroksiurea (dawa ya kupunguza vipindi vya maumivu ya selimundu) kama bado hajaanzishiwa, na chanjo kama zimekamilika. Homa yoyote huko chini ni siku hiyo hiyo hospitali, hakuna kusubiri mpaka kesho wala kununua dawa dukani kwa kukisia.

Jambo jingine nalisema kwa wote wanaosoma: msiingize jiko la mkaa chumbani usiku mkafunga madirisha. Kila kipupwe tunapokea watu wa namna hiyo, na wengine tunawapokea wameshafariki.

Mwakyela

Ugonile mama. Nyumbani ni Kyela na napapenda, ila kwa mtoto huyu sikushauri.

Joto lipo la kutosha, tuko karibu mita 500 tu, ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Chakula hakisumbui: mchele, ndizi, samaki, na kakao inaleta fedha taslimu. Tatizo ni maji. Masika yetu si mvua ya mchezo, Machi hadi Mei inanyesha usiku na mchana, mito inafurika, mashamba na nyumba za mabondeni zinaingia maji. Mafuriko yakipungua mbu wanapanda. Selimundu kwetu haikuanza leo, familia nyingi wanaijua, na akina mama wanaowalea watoto hao wanakwambia wazi kwamba wanaogopa homa kuliko kitu kingine. Halafu mtoto akikua karibu na ziwa utamzuia vipi kuogelea? Kulowa mwili mzima akakaa na nguo mbichi upepo wa kusini ukimpiga, maumivu yanarudi yale yale.

Kama una sababu ya kuja, njoo umtembelee mjomba Septemba au Oktoba, kukiwa kukavu.

Mkazi wa Makole

Natoka Njombe, nipo Dodoma tangu serikali ilipoanza kuhamia huku baada ya tangazo la 2016. Nitakupa mazuri na mabaya.

Malaria Dodoma ni kidogo kulinganisha na bonde la mpunga au pwani, kwa sababu ni pakavu. Hospitali ndiyo nguvu yetu kubwa. Benjamin Mkapa ina wataalamu, na tangu 2023 wamekuwa wakiwapandikiza uloto wa mifupa watoto wenye selimundu. Sisemi mwanao atapandikizwa, hilo lina masharti yake, hasa ndugu wa kuchangia anayefanana naye. Lakini kuwa karibu na watu wanaoujua ugonjwa huu kila siku ni kitu kikubwa.

Mabaya. Moja, msidanganyike kwamba Dodoma hakuna baridi. Juni na Julai usiku unashuka mpaka nyuzi 13 au 14, na upepo wake unapenya. Kwa mtu wa Matamba ni nafuu kubwa, ila sweta hutalitupa. Mbili, maji. Mji unategemea sana visima vya Mzakwe, na mitaa mingi maji ni ya mgawo. Mtoto wa selimundu anatakiwa kunywa maji mengi kila wakati, hasa kwenye jua hili, kwa hiyo nyumba isiyo na tangi usiichukue. Tatu, mkulima wa viazi atafanya nini huku? Mvua ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, nayo haifiki milimita 600 kwa mwaka. Ni alizeti, mtama, zabibu kwa wenye mtaji. Viwanja vimepanda bei. Bila mshahara au duka, mtaishi kwa mgongo wa mdogo wako, na hilo halidumu.

Bandarini

Tanga kwa kifupi: joto mwaka mzima, hata Julai usiku ni nyuzi 20 hivi. Muheza machungwa yanakubali, hospitali ya Bombo ipo mjini. Lakini malaria ipo, unyevu ni mwingi, na kutoka kwenu ni safari ya kupita Iringa, Morogoro, Chalinze na Segera. Shamba la viazi mtakuwa mmeshaliacha kabisa. Kiwanja cha mzee kitunzeni, msihamie kwa sababu ya kiwanja.

Chini ya Kitonga

Kwa nini watu wa Iringa hatutajwi? Ruaha Mbuyuni tunalima vitunguu vya umwagiliaji na joto la huku halina mjadala. Abiria akiwa Ilula yuko ndani ya koti, akimaliza mlima Kitonga anafungua dirisha. Ila kwa haki, Nesi ameshasema, na huku nako mbu wapo. Iringa mjini ni pakavu na mbu ni wachache, lakini upepo wa pale juu Julai haumfai huyo mtoto. Mbeya mjini hivyo hivyo, mita 1,700, hapo ni kuhama baridi kwenda kwenye baridi.

Mwanji Aliyeshuka

Dada, mimi ni wa huko huko Matamba, nilishuka Chimala kwa sababu ya pumu ya mke wangu. Nitakwambia tulivyopanga, uchukue unachoona kinafaa.

Shamba hatukuliacha. Viazi vinataka usiku wa baridi ili vijaze vizuri chini ya udongo, huku chini vitakupa majani tu. Kwa hiyo mimi napanda na malori ya viazi, nalima, napalilia, nashuka. Mke na watoto wanakaa chini. Nyumba tuliyopanga iko upande wa mlimani, juu ya barabara, mbali na majaruba. Ukisogea chini kuelekea kwenye mifereji ya umwagiliaji, kodi ni ndogo, lakini ikifika jioni unasikia mbu masikioni. Tofauti ya kodi hiyo ilipe tu. Tulichokagua kabla ya kulipa ni dari, maana nyumba ya bati tupu inachoma mchana na kupoa usiku. Kisha wavu kwenye kila dirisha, na pale ukuta unapokutana na paa, huko ndiko mbu wanakopita. Chandarua ni kwa wote, siyo mtoto peke yake.

Hospitali ya misheni ipo hapo hapo Chimala, na ikizidi, Mbeya kwenye Hospitali ya Rufaa ya Kanda ni lami moja kwa moja. Kutoka Matamba mvua ikinyesha, mgonjwa unamshushaje kwenye kona zile usiku? Hilo peke yake lilinitosha.

Baba wa Bulongwa

Mwanji umeeleza vizuri, ila mwambie na gharama. Nyumba mbili ni majiko mawili, kodi, nauli, na mume anakula ugali wa kujipikia. Mimi nimeona ndoa zikiyumba kwa mpango huo. Dada, kama mnashuka, kaeni chini na mume mpange mapema nani anashika fedha za mavuno na anashuka kila baada ya muda gani. Na suala la shule msilisahau. Mnaweza kudhani mtamshusha Juni na kumrudisha Septemba. Shule zinafunguliwa Julai, mtoto atakuwa amekatwa katikati ya mwaka, huku hajulikani, kule jina linafutwa.

Nesi wa Kanda

Baba wa Bulongwa umenena. Kuhamahama kila msimu kunamchosha pia, na kliniki zinakosa kumbukumbu zake. Ni bora akae sehemu moja mwaka mzima. Kwa maelezo ya Mwanji, Chimala upande wa juu naikubali, kwa masharti niliyotaja ya malaria. Na shuleni mkamwone mwalimu mkuu siku ya kwanza, ajue kwamba huyu mtoto anaruhusiwa kwenda na chupa ya maji darasani, hachapwi, hafanyishwi usafi wa kumwagilia maji asubuhi, na akisema anaumwa asiambiwe ni mvivu.

Mama wa Matamba

Nimesoma yote, na mume wangu nimemsomea usiku huu. Mungu awabariki.

Tumekubaliana Kyela hapana, na Tanga hapana. Dodoma roho inapataka kwa ajili ya hospitali, lakini Mkazi wa Makole amesema kweli, tutakula nini. Mdogo wangu atatupokea kwa safari ya kliniki, daktari wetu akituandikia rufaa, tukaonane na hao wataalamu mara moja tujue msimamo wa mtoto.

Kukaa ni Chimala. Uhamisho wa shule tutaomba wa Januari, aanze mwaka na wenzake. Kipupwe cha mwaka huu atakaa kwa wifi kipindi cha likizo ya Juni, mimi nikiwa naye. Fedha za mavuno nitashika mimi za nyumba ya chini, mume wangu za mbegu na mbolea, tumeandika kwenye daftari. Jumatatu tunarudi Ikonda na yale maswali matatu ya Nesi.

Kaka Mwanji, swali moja. Upande huo wa mlimani, maji ya bomba yanatoka kila siku au tununue tangi?

Mwanji Aliyeshuka

Yanatoka, ila kiangazi yanakatika. Nunua tangi, hata la lita 500. Ukishuka kutafuta nyumba niandikie kwenye ujumbe wa ndani, mke wangu atakuzungusha. Anazijua zenye wavu na zenye dari.